Mtunzi, Hadhira na Kitabu: Safari ya Utungo wa Kiswahili Kumfikia Msomaji

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka wa 1840. Diwani yake iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka wa 1940. Kwa karne nzima mshairi huyu hakuwa na kitabu, lakini hakukosa hadhira. Makala haya yanakusudia kuilinganisha hali hiyo na ya mwandishi wa Kenya ya leo, ambaye aghalabu ana kitabu lakini hana hadhira anayoweza kuiita yake. Hoja yetu ni kwamba tungo nyingi zilizodumu katika fasihi ya Kiswahili zilijipatia hadhira kabla ya kutiwa katika kitabu; na mpangilio huo ulipogeuzwa, mwandishi alipoteza kitu ambacho mchapishaji peke yake hawezi kumrudishia.

Tuanze na Muyaka mwenyewe. Mashairi yake yalizungumzia mambo yaliyowagusa Wamvita moja kwa moja: vita baina ya Mombasa na Lamu, njaa, mapenzi, na fitina za wakubwa. Mengi yalikuwa ya kujibizana, na washairi wa Lamu hawakukaa kimya. Shairi la aina hiyo hujitangaza lenyewe, kwani anayelisikia hutaka kujua jibu lake, na anayelijibu hulazimika kulirejelea. Ndiyo maana, miongo kadhaa baada ya kifo cha mtunzi, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliweza kumsaidia mmishenari W. E. Taylor kuzikusanya tungo hizo. Kitabu, kwa hiyo, kilihifadhi umaarufu uliokuwapo tayari, hakikuuzua.

Gazeti liliuendeleza utaratibu huo kwa njia nyingine. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka wa 1923, lilitenga nafasi ya mashairi ya wasomaji. Humo watu waliokuwa mbalimbali waliulizana, wakajibizana na kusahihishana vina na mizani. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapisha tungo zao humo. Alipokuja kutoa vitabu, jina lake halikuwa geni. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha pia udhaifu wa njia ya kitabu: Kufikirika, aliyoiandika katika miaka ya 1940, ilichapishwa baada ya kifo chake cha mwaka wa 1962. Mshairi wa gazeti aliweza kusoma majibu ya wasomaji wake. Mwandishi wa riwaya hii hakuishi kuyaona.

Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1948, ilijaribu kuliziba pengo hilo. Mashindano yake ya uandishi ya 1957–58 yalimtoa Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka wa 1960. Ushindi ulimfungulia mlango, lakini si ushindi uliomweka. Abdulla alikuwa mwanahabari aliyezoea kuwaandikia watu waliokuwa huru kuliweka gazeti chini. Katika riwaya zilizofuata, kama vile Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973), alimrejesha mpelelezi yule yule, Bwana Msa, na msomaji aliyempenda katika kitabu kimoja akawa na sababu ya kukitafuta cha pili.

Mpangilio uligeuka pale shule ilipokuwa mnunuzi mkuu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza nchini Kenya mwaka wa 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima. Haifai kulipuuza jambo hili: bila shule, waandishi wengi wasingechapishwa kabisa, na vijana wengi wasingesoma riwaya hata moja ya Kiswahili. Lakini hadhira ya shule ni ya kuazima. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilisomwa na watahiniwa wa kidato cha nne kwa miaka kadhaa. Kuanzia mtihani wa 2018, nafasi yake ikachukuliwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Riwaya ya kwanza haikuwa imepungukiwa na ubora wowote. Kilichokwisha ni zamu yake. Kibaya zaidi, mwandishi ajuaye kwamba jopo la wateuzi ndilo litakaloamua hatima ya kitabu chake huanza kuliandikia jopo, akakwepa yale ambayo Muyaka asingeyakwepa.

Historia hii haimtaki mwandishi arudi barazani kama kwamba karne mbili hazikupita. Inamkumbusha tu kwamba kuitafuta hadhira ni sehemu ya utunzi wenyewe, wala si uchuuzi unaomvunjia heshima. Usomaji wa hadharani, hadithi za mfululizo magazetini, mashairi redioni na mijadala na wasomaji wasiotahiniwa ni njia zenye asili katika fasihi yetu.

Nasi wahakiki hatuna budi kujiuliza swali. Sehemu kubwa ya uhakiki wetu huandikwa juu ya vitabu teule, kwa kuwa ndivyo wanafunzi wanavyovihitaji. Kwa kufanya hivyo tunaongeza sauti yetu pale ambapo jopo limekwisha kusema, na kukinyima kitabu kisichoteuliwa msomaji wake wa kwanza. Tungo za Muyaka zilimpata Mwalimu Sikujua, aliyezithamini bila kuagizwa na mtaala wowote. Ni vitabu vingapi vya Kiswahili vilivyomo maghalani leo vinavyomngoja wake?