Missa Luba na Kilatini cha Kwaya za Afrika

Missa Luba ni Misa ya Kilatini iliyotiwa muziki wa Kongo, na iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Kamina, Katanga, tarehe 23 Machi 1958. Mwasisi wake ni Guido Haazen, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji. Kwaya yake, Les Troubadours du Roi Baudouin, ilikuwa na wavulana wapatao 45 na walimu 15.

Maneno ya Misa hayakuguswa. Kilichobadilika ni uimbaji. Kyrie, Gloria na Credo zilifuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana, na Hosanna ikachukua mdundo wa ngoma ya Kasai. Nota hazikuandikwa. Waimbaji walikubaliana jinsi sauti zitakavyopangana, mengine wakayabuni papo hapo: kiongozi Joachim Ngoi akitanguliza kwa sauti ya tatu, kwaya ikiitikia, ngoma zikishika mwendo.

Mwaka huohuo kwaya ilizuru Ulaya, na kampuni ya Philips ikatoa santuri yake. Miaka kumi baadaye Sanctus ilisikika katika if...., filamu ya Lindsay Anderson iliyotunukiwa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1969.

Wakati Missa Luba inazaliwa, Wakatoliki wa Kenya nao walikuwa bado wanasali Misa kwa Kilatini. Njia ilifunguka tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji katika liturujia. Jimbo la Nakuru nchini humo, ambamo mji wa Elburgon umo, liliundwa mwaka 1968, mageuzi hayo yakiwa yameshaanza. Kyrie ikawa “Bwana, utuhurumie”, na ngoma na kayamba zikapata nafasi kanisani.

Missa Luba yenyewe ikahamia zaidi jukwaani. Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya, na Philips ikaitoa mwaka 1990. Hivyo Kilatini cha Kamina kimedumu katika rekodi na matamasha, ilhali kwaya za parokia, Elburgon ikiwemo, zimebaki na kile ambacho Kamina ilithibitisha mapema: kwamba Misa nzima huweza kuimbwa kwa mahadhi ya Kiafrika bila kupoteza ibada yake.