Nguvu za Mkono na Ukali wa Silaha

Je, silaha moja ikishikwa na mtu hodari, kisha na mtu dhaifu, hujeruhi sawasawa? Swali hili limo katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotokea Marekani mwaka 1974, ambamo kila mchezaji hujitwalia nafsi ya shujaa, na dadu huamua mapigano. Hapo kwanza dadu moja ya pande 6 ilipima kila jeraha: kisu na upanga vilikuwa sawa, na nguvu za shujaa hazikuongeza kitu. Mwaka 1975 kijitabu kiitwacho Greyhawk kilileta kanuni nyingine: kila silaha ikapewa kipimo chake, na shujaa mwenye nguvu nyingi akapewa nyongeza.

Je, badiliko hilo lilikuwa la haki? Tuiulize historia. Mary Rose, merikebu ya vita ya Kiingereza, ilizama mwaka 1545, ikaopolewa mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde 137 nzima. Wataalamu wamekadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi. Mnyonge asingeziweza. Lakini bunduki haiulizi misuli: risasi ya mkono dhaifu huua kama ile ya pandikizi la mtu.

Basi kanuni njema ni hii: nguvu zihesabiwe pale ambapo pigo latoka mkononi, palipo na baruti, zisihesabiwe. Nawe ukumbuke kwamba hata kanuni ya mchezo ni dai juu ya ulimwengu. Ipime kwa ushahidi kabla ya kuikubali.