Miaka Sitini ya Msondo Ngoma, Bendi ya Wafanyakazi

Bendi ijulikanayo leo kwa jina la Msondo Ngoma ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, na hivyo mwaka 2024 ilitimiza miaka sitini ya kupiga muziki wa dansi, yaani muziki wa magitaa, ngoma na ala za kupuliza uliotungwa ili watu waucheze ukumbini. Katika muda huo imebadilishwa jina mara tatu, imewazika wengi wa wanamuziki waliolijenga jina lake, na imehamwa na waimbaji wake mashuhuri kisha ikawapokea tena baadhi yao waliporudi. Bendi nyingi zilizoanza karibu na wakati huo, nyingine zikiwa na wapigaji hodari kuliko wa kwake, zimekwisha kutoweka. Sababu ya tofauti hiyo isitafutwe katika vipaji peke yake, kwa kuwa vipaji vilikuwapo kila mahali. Ipo zaidi katika namna bendi hii ilivyomilikiwa tangu siku zake za mwanzo.

Kabla ya mwaka 1964, bendi za dansi za Tanganyika zilikuwa ama za mtu binafsi ama za vilabu vya hiari, ambavyo mara nyingi viliwaunganisha watu waliotoka sehemu moja ya nchi na kukutana mjini. Majina kama Western Jazz, Kilwa Jazz na Rufiji Jazz yanaonyesha wazi asili hiyo. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo, bali lilikuwa alama ya bendi ya kisasa yenye magitaa na matarumbeta, ambayo aghalabu ilipiga rumba na chacha zenye asili ya Kuba. Vyombo, kama wanamuziki wanavyoziita ala zao na vipaza sauti vyake, vilinunuliwa kwa michango ya wanachama na mapato ya mlangoni, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine za kujipatia riziki mchana.

Chama kilichoubadili utaratibu huo kilizaliwa katika misukosuko ya kisiasa. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali iliwakamata viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi, ikalivunja shirikisho lao la zamani, TFL, na kuunda kwa sheria chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima kilichofungamana na chama tawala, TANU, nacho kikajulikana kwa kifupisho cha jina lake la Kiingereza, NUTA. Vyama vya wafanyakazi vilipoteza uhuru wao kwa hatua hiyo, na hasara hiyo haipaswi kufichwa katika maadhimisho yoyote; lakini chama hicho hicho kilikuwa na fedha, ofisi na wanachama kila mkoa, na mwaka huo huo kikaanzisha bendi.

Jambo lililokuwa jipya ni ajira. Mwanamuziki wa NUTA Jazz alikuwa mfanyakazi wa chama, alilipwa mshahara wa kila mwezi, na alipiga vyombo ambavyo si vyake wala si vya mfadhili anayeweza kuvichukua siku watakapokosana. Kwa mwimbaji wa miaka ya 1960, ambaye jamii yake ilielekea kumwona kuwa mhuni, mshahara ulikuwa pia heshima. Mfano huo uliigwa kwa kasi: Polisi, Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa wakawa na bendi zao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, na umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz. Kwa upande wao, waajiri walitarajia nyimbo za kueleza siasa ya nchi, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na bendi zilizitunga. Hata hivyo, nyimbo zilizobaki vinywani mwa watu ni zaidi zile za ndoa, wivu, msiba, ulevi na udhia wa ndugu, ambazo hakuna ofisi iliyoziagiza.

Mshahara ulileta pia nafasi ya kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyozaa sauti ya bendi. Wimbo wa dansi wa Kitanzania ulikuja kuwa na sehemu mbili: ya kwanza hutembea taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake ubeti kwa ubeti, na ya pili, iitwayo chemko, huongeza kasi huku magitaa yakifukuzana na waitikiaji wakirudia maneno machache ili wachezaji wapate nafasi yao. NUTA Jazz ilizipamba sehemu zote mbili kwa tarumbeta na saksafoni, zikijibizana na mwimbaji badala ya kumfunika, na sifa hiyo haikuiacha hata wapulizaji walipobadilika. Kila bendi ilitakiwa iwe na mtindo, yaani mapigo na namna ya kucheza inayoitambulisha, wenye jina lake. NUTA Jazz ikachagua Msondo, jina la ngoma ndefu ya asili ipigwayo na watu wa pwani.

Miongoni mwa sauti zilizoutangaza mtindo huo, ya Muhidin Gurumo ndiyo iliyosikika mapema na kwa muda mrefu kuliko nyingi. Gurumo alikuwa na bendi tangu mwaka wake wa kwanza, na katika miaka ya 1970 alijiunga naye Hassan Rehani Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ya juu, ambaye aliimba naye kwa mapatano ambayo wapenzi wa dansi wanayakumbuka hadi leo. Mwaka 1978 Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa walioondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, bendi ya mtindo wa Sikinde, na mwaka 1985 Gurumo akaongoza kundi jingine kutoka Mlimani Park kuhamia Orchestra Safari Sound. Hama-hama ya namna hiyo ingeweza kuiua bendi ya mtu binafsi. Msondo haikufa, kwa sababu vyombo, jina na mishahara vilibaki kwa mwajiri, na nafasi zilizoachwa zilijazwa na vijana kama TX Moshi William, ambaye hadi alipofariki mwaka 2006 alikuwa mmoja wa watunzi na waimbaji wake wakuu. Gurumo mwenyewe alirudi, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukawa sehemu ya maisha ya jiji, mashabiki wakijigawa kama wafanyavyo kwa klabu za soka za Simba na Yanga, na mipambano ya bendi hizo katika ukumbi wa TCC Chang'ombe ikapangwa kwa siku za sikukuu.

Majina, wakati huo, yalifuata siasa. NUTA ilipogeuzwa kuwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz, na jumuiya hiyo ilipopisha umoja mpya wa wafanyakazi, OTTU, mwaka 1991, ikawa OTTU Jazz. Watu wa kawaida waliendelea kusema Msondo, na chama kilipopungukiwa uwezo wa kuilea bendi, jina la mtindo ndilo lililobaki kuwa jina rasmi, bendi ikategemea tangu hapo mapato ya mlangoni, kama vilabu vya zamani.

Utaratibu wa ajira ulikuwa na upande mchungu. Kwa miaka mingi studio ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zilirekodi nyimbo zilizopigwa hewani bila mtunzi kupata mrabaha, yaani malipo ya kila mara kazi yake inapotumiwa. Na sheria ya hakimiliki iliyoizaa COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo, ilipotungwa mwaka 1999, nyimbo nyingi za Msondo zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, umma ulielezwa kwamba hakuwahi kumiliki gari katika maisha yake yote ya muziki, na Diamond Platnumz, nyota wa Bongo Fleva ambaye kizazi chake kinaishi kwa mauzo na mikataba, akamzawadia gari. Ulikuwa ukarimu wa kweli, lakini ukarimu wa mtu mmoja hauwezi kuwa badala ya haki. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Kanda za nyimbo hizo zimo katika hazina ya redio ya taifa, sasa chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Zinapaswa kunakiliwa zote kwa mitambo ya kisasa, ziorodheshwe kwa majina ya watunzi, waimbaji, wapigaji na wapulizaji wakati wangali hai wanaoweza kuwatambua kwa sauti zao, na mapato yake yawafikie wazee waliobaki na warithi wa waliotangulia.