Ushirikishwaji wa Mapema wa Wagavi: Tangawizi ya Same

Ushirikishwaji wa mapema wa wagavi ni utaratibu wa kumwingiza mtoa malighafi katika mashauri ya biashara kabla mnunuzi hajakata shauri juu ya ubora, bei, vipimo na tarehe ya kupokea mzigo. Utaratibu huu, uliopata sifa kupitia viwanda vya magari vya Japani, awali ulikusudiwa kupunguza gharama na kasoro. Baadaye ulihusishwa na uendelevu wa kijamii, yaani uwezo wa mnyororo wa ugavi kudumu bila kuwanyima watu wake ujira wa haki, usalama na sauti, hasa baada ya Umoja wa Mataifa kuidhinisha Kanuni Elekezi za Biashara na Haki za Binadamu mwaka 2011.

Wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, umuhimu wake huonekana katika tangawizi ya wakulima wadogo wa milima ya Pare Kusini, hususan Mamba na Miamba, ambako kiwanda cha kusindika zao hilo kilianzia katika ushirika wa wakulima wenyewe. Kwa kuwa tangawizi hukaa shambani miezi minane hadi kumi, mkulima hugharamia mbegu, maji na vibarua muda mrefu kabla ya kumwona mnunuzi. Akija dalali wakati wa mavuno na bei yake mkononi, pamoja na gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo halali, nafasi ya kujadiliana imekwisha kupita, na hasara huishia kwa kibarua au kwa mwanafamilia asiyelipwa. Katika kahawa, zao jingine la Upare, masharti ya Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki, humruhusu mzalishaji kuomba malipo ya awali ya hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, na hapo ahadi ya mnunuzi hupata uzito.

Jambo ambalo mnunuzi wa mbali hulisahau upesi ni maji. Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa na mifereji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, ambayo husafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Mkataba unaodai mzigo mkubwa kwa tarehe moja waweza kuvuruga zamu hizo na kuwagombanisha wa juu na wa chini wa mfereji, hatari ambayo wakulima wenyewe wangeitaja mapema kama wangeulizwa.

Wilaya hii, kwa hakika, inajua uzito wa kupangiwa mambo bila kuulizwa: mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu.

Hata hivyo, kuitisha mkutano wa ushirika mapema hakutoshi. Pale uanachama unapofuata umiliki wa shamba, wanawake wanaopalilia, kuvuna na kuosha tangawizi huweza kukosa kiti, na bei inayokubaliwa humo huwa imejadiliwa bila kuhesabu saa zao za kazi.