Kuchora mtu: namna ya kupata mstari safi

Ku Bagira, kama vile ku Kadutu na Ibanda, kuchora si mchezo wa watoto tu. Kibao cha saluni, ukuta wa duka la dawa, afishi ya chanjo: vyote vinataka mtu mwenye kujua kuchora mwili. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo anayejulikana dunia nzima, alianza kwa kupaka vibao vya matangazo. Lakini vijana wengi wanaacha mapema wakisema: "Mimi sina kipawa." Mara nyingi shida haiko kipawa. Iko kwenye mstari na vipimo, na vyote viwili vinafundishika.

Mstari unatoka begani

Mwenye kuanza anachora mkono wa mtu kwa vistari vidogo vidogo, kama manyoya ya kuku. Ni kwa sababu anatumia vidole peke yake. Vidole vinafaa kwa jicho na kucha. Mstari mrefu wa mgongo ao wa mguu unataka bega. Weka nukta mbili kwenye karatasi. Pitisha mkono hewani mara mbili tatu bila kugusa, kisha chora mara moja. Macho yaangalie nukta ya mwisho, si ncha ya kreyo. Ukikosea, usifute; chora mwengine kando. Fanya hivyo dakika kumi kila siku.

Kichwa ndicho kipimo

Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa karibu 7 na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu 4, ndiyo maana ukimchora na kichwa kidogo anageuka mzee mfupi. Nusu ya mwili wa mtu mzima iko kwenye nyonga, si kwenye kitovu. Kiwiko kinafika kiunoni. Kiganja pamoja na vidole kinafunika uso, toka kidevu mpaka karibu na nywele.

Uzito mbele ya nguo

Angalia wamama wanaopanda mlima na muzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mbele ya kuchora kitambaa ao uso, tafuta mstari mmoja toka kichwa mpaka kisigino cha nyuma. Mstari huo ukiwa wima, muzigo utaonekana mwepesi kama pamba, na mchoro utakuwa umesema uongo juu ya kazi yao. Kwa mtu aliyesimama akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huo linashuka. Jipe sekunde 30 kwa kila mtu, kisha geuza karatasi. Bonyeza kreyo pale penye uzito na kivuli; iachilie pale penye mwangaza.

Vifaa visivyo vya bei

Mgongo wa karatasi iliyotumika unatosha, hata karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti. Kipande cha makaa ya jikoni kinakufundisha mstari mnene. Biki inakufundisha kutotegemea gome.

Jambo moja la mwisho: omba ruhusa kwa unayemchora, na usichore wenye silaha wala vizuizi vya barabarani. Nyumbani kuna ndugu aliyekaa, dada anayefua, kaka aliyelala. Hao wanatosha kwa mwaka mzima.