Pijo ya Guka na Mafuta ya Mbarika

Guka alipofariki, kila mtu kwetu Lanet alikuwa na maoni kuhusu ile Pijo. Baba mdogo alitaka iuzwe kama chuma chakavu, kwa kilo. Shangazi alitaka nafasi yake ijengwe banda la kuku. Mimi ndiye niliyetaka itembee, na mimi ndiye niliyekuwa na usemi mdogo zaidi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, naishi kwa kuandikia watu makala mtandaoni.

"Ukiitengeneza, yako," baba mdogo akasema. "Ikifika Desemba haijakaa sawa, naita watu wa mzani."

Ni Peugeot 404, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Guka aliibebea abiria kati ya Nakuru na Nairobi miaka ya sabini. Kwa vijana wa leo ni gari la mazishi ya wazee. Lakini kabla Subaru haijawa ndoto ya kila kijana wa Nakuru, gari la mbio Kenya lilikuwa hili. 404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote hiyo miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, ni Bert Shankland na Chris Rothwell, 404 tena. Gari lile lile ambalo Jumatatu lilibeba walimu na magunia ya viazi ndilo lililopita kwenye tope la Pasaka wakati mengine yamelala mtaroni.

Enyewe, hayo nilikuwa nayajua. Nisichojua ni kwamba siri moja ya gari lile iko nyuma, ndani ya difu.

Breki nilifanya, kabureta nikafanya, tairi nikanunua kwa awamu. Kwenye difu nikafungua nati ya chini, ikatoka oili nzito kama asali iliyokaa, nyeusi, na harufu ambayo sikuitambua. Nikaimwaga kwenye mkebe. Dukani nikaomba oili bora kabisa. Nikapewa GL-5. Jamaa akaniambia hiyo ndiyo mwisho, imepita GL-4. Nami, mtu wa miaka mitatu ya chuo, nikajua tano ni kubwa kuliko nne. Nikalipa, nikamimina, nikaendesha.

Miezi minne nilibebea watu mizigo. Gari likishiba viazi napandisha Salgaa hadi Mau Summit kwa gia ya pili, nikijiona dereva wa Safari. Kisha sauti ikaanza. Kwanza kama mbu. Baadaye kama mtu anayelia chumba cha pili.

Nikampelekea mzee mmoja wa jua kali ambaye alikuwa ameshika magari haya tangu ujana wake. Hakuuliza sauti ikoje. Aliuliza, "Kijana wangu, ulimwaga nini?" Nikamwambia. Akaweka karai chini ya difu, akafungua nati, oili ikatoka. Akaisogeza juani. Ilikuwa inametameta kama rangi ya kucha.

"Unaona dhahabu? Hiyo ni difu yako inatoka."

Hapa ndipo historia inapoingia. Difu za magari mengi zina gia mbili za chuma kigumu. Muundo unaotumika sana leo uliingia kwenye magari ya kawaida mwaka wa 1926, kupitia kampuni ya Packard ya Marekani. Uliruhusu shafti ishuke chini na gari liwe bapa, lakini meno ya gia hizo husuguana kwa nguvu nyingi sana. Oili ya kawaida ikawa inakamuliwa kutoka katikati ya meno na kuacha chuma juu ya chuma. Wanakemia wakatia viungo vya salfa na fosforasi. Joto likipanda, viungo hivyo hushikana na uso wa chuma na kutengeneza utando mwembamba unaolinda meno. Ule mpangilio wa GL wa Taasisi ya Petroli ya Marekani hueleza, pamoja na mengine, oili imekusudiwa kazi kali kiasi gani. GL-5 huwa na viungo hivyo takriban mara mbili ya GL-4.

Peugeot hawakwenda njia hiyo kwenye 404. Ndani yake kuna shafti ya chuma iliyochongwa kama parafujo, na hiyo parafujo inazungusha gurudumu la shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Chuma kinateleza juu ya shaba siku nzima. Ni difu kimya na ngumu. Lakini salfa na shaba si marafiki. Difu ikipata moto, salfa kali huanza kula shaba. Kiungo kilichobuniwa kuokoa difu moja ndicho kinachoweza kuua nyingine. Namba kubwa kwenye mkebe haisemi oili ni bora. Inasema imetengenezwa kwa kazi fulani.

"Sasa wazee walikuwa wanatia nini?" nikamuuliza.

"Esso VT. Hiyo ilikuwa ya mimea. Ya mbarika."

Nilidhani ananitania. Nikarudi nyumbani nikamletea shosho ule mkebe wa oili nzee, maana sikuwa nimeumwaga. Akanusa, akanusa tena, akacheka mpaka akashika kifua. "Hii ni ya mbarĩki! Guka wako alikuwa anapaka gari mafuta yangu!" Mafuta ya mbarika ndiyo mamake alimpaka mwilini akiwa mtoto, ndiyo yaliyolainisha ngozi za kuvaa. Mti wenyewe umejiotea nyuma ya choo chetu na hakuna anayeuangalia.

Na mafuta hayo yalikuwa na historia yao ndefu huko ng'ambo. Jina la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la mbarika. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zililainishwa kwa mafuta hayo. Yanashikilia metali hata kwenye moto, na hayana ugomvi na shaba. Ubaya wake ni kwamba yakikaa miaka yanaganda kama gundi, na hayachanganyiki vizuri na oili ya petroli. Mimi nilikuwa nimemimina moja juu ya mabaki ya nyingine bila kuosha. Kwa hesabu ya mzee, lawama iligawanyika mara tatu: umri wa difu, mchanganyiko, na oili yenyewe. Mbili kati ya hizo ni zangu.

Isieleweke kwamba GL-5 ni sumu. Datsun 240Z iliyoshinda Safari 1971 na 1973 ina gia za chuma kwa chuma, na hiyo ndiyo oili yake. Ila kama difu yake ni ile ya kufunga magurudumu kwa sahani zinazosuguana, inahitaji kiungo kingine cha kuzifanya ziteleze polepole bila kurukaruka. Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini, kiungo hicho kilitengenezwa kwa mafuta ya nyangumi, mpaka mnyama huyo alipolindwa kisheria. Kama difu haina sahani, kiungo hicho hakina kazi. Kwa hiyo swali la kwanza si oili gani. Ni ndani kuna nini.

Tuliosha difu mara mbili kwa oili nyepesi. Mzee akanituma nitafute oili ya mashine za viwandani zenye gia za parafujo na shaba, uzito wa ISO 460, isiyo na salfa kali. Gurudumu la shaba lilikuwa limelika lakini meno yamebaki. "Itatembea," akasema, "lakini hiyo sauti utazeeka nayo."

Ndani ya boneti nimeandika kwa rangi nyeupe: difu ni ya shaba, usitie GL-5, osha kwanza. Guka hakuandika popote. Alijua yeye, na dereva mwenzake alijua, na ikatosha mpaka wakaisha.

Desemba baba mdogo alikuja, bila watu wa mzani. Tukampeleka shosho Gilgil kwa dadake. Tulipopita Elementaita akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Ni makosa yangu, baba," nikamwambia. Akaegemea kiti tena, tukaendelea.