Kibuyu cha Bibi, Kikombe cha Babu

Machi 2011 shangazi yangu alifungasha begi dogo kwenda Samunge. Aliweka khanga mbili, chupa ya maji, michembe ya kula njiani, na noti ya shilingi mia tano aliyoikunja peke yake ndani ya leso, isije ikachanganyika na nauli. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akamtazama mpaka alipofunga zipu. Kisha akauliza: "Na dawa zako?"

Shangazi hakujibu. Tulikuwa tukiishi Mirongo, chumba na sebule, karibu na mto wenye jina moja na kata yetu. Wakati wa masika mto ule hupanda ukaingia kwenye nyumba za watu, na wakati wa kiangazi hubaki kijito cheusi kinachoburuta mifuko ya plastiki kuelekea ziwani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilijua shangazi anameza vidonge kila siku saa mbili usiku, na nilijua havizungumzwi mbele ya wageni. Siku ile ndiyo niliyosikia vikizungumzwa kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Nimelikumbuka swali la bibi mara nyingi miaka ya karibuni, kila ninapotumiwa ujumbe kwenye simu kuhusu juisi inayosafisha damu, majani yanayoondoa sukari, au mtindi unaotibu kila kitu kuanzia chunusi hadi saratani. Wanaonitumia ni watu ninaowaheshimu, na wengine wana shahada. Bibi hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini alikuwa na msimamo kuhusu chakula na dawa ambao ilinichukua muda mrefu kuuelewa. Msimamo wenyewe ulitoka kwenye kibuyu cha maziwa.

Bibi alizaliwa Kwimba, kwenye kaya yenye ng'ombe. Kwa Wasukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima, na kabla ya hayo yote ni maziwa. Maziwa hayakunywewa sana yakiwa mabichi. Yalimiminwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yakaachwa mpaka yagande, kisha kibuyu kikasukwasukwa mpaka siagi ijitenge. Siagi iliyeyushwa kuwa samli, na enzi za Waingereza samli ya Kanda ya Ziwa ilikuwa bidhaa ya biashara kama ngozi na pamba. Kilichobaki kililiwa na ugali wa mtama, au kilimiminwa juu ya viazi vilivyokaushwa, michembe na matobolwa. Kibuyu hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Bibi alisema ukikiosha hivyo umekiua, na kesho maziwa yataoza badala ya kuganda.

Alikuwa sahihi, ingawa hakuwa na jina la kile anachokilinda. Ndani ya vinyweleo vya kibuyu wanabaki bakteria wa maziwa ya jana. Wanakula sukari ya maziwa, yaani laktosi, na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa na kuyapa ukali wake, na ndiyo inayowazuia vijidudu vingi vya kuharisha wasistawi. Kwa mtu ambaye tumbo lake haliivumilii sukari ya maziwa, mgando ni mwepisi zaidi kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa. Kwa kaya isiyo na friji, kwenye nchi ya joto, kibuyu kilikuwa friji, kilikuwa jiko, na kwa kiasi fulani kilikuwa kinga.

Kinga hiyo ilikuwa na mipaka, na historia ilishaionyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe, Usukumani pamoja na kwingineko. Kaya zilizotegemea maziwa zilijikuta na vibuyu vikavu, na njaa ikafuata. Wajerumani walipoanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, waliikuta nchi iliyokuwa bado inazika mifugo yake. Sotoka ilitoweka duniani muda mrefu baadaye. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba imetokomezwa mwaka 2011, mwaka uleule ambao shangazi alifunga begi lake. Iliyoitokomeza ni chanjo, pamoja na miaka mingi ya kuifuatilia kutoka zizi hadi zizi.

Kulikuwa na mpaka mwingine ndani ya kibuyu chenyewe. Maziwa ambayo hayakuchemshwa huweza kubeba bakteria wanaowafanya ng'ombe watupe mimba na kuwaachia binadamu homa inayokuja na kuondoka kwa miezi. Huweza kubeba kifua kikuu pia. Ukali wa maziwa peke yake hauwaui wote. Bibi alipohamia mjini alianza kuchemsha maziwa kabla ya kuyagandisha, baada ya nesi mmoja kumweleza, na kwa miaka mingi alilalamika kwamba ladha imepotea. Alilalamika, lakini aliendelea kuchemsha. Nikisikia watu wakisema vya asili havidhuru, namkumbuka akiwa na sufuria yake jikoni.

Wazungu nao walikuwa na mapenzi yao na maziwa mgando. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Kibulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, Stamen Grigorov, aliwatambua bakteria wanaogandisha maziwa ya kwao. Huko Paris, kwenye Taasisi ya Pasteur, Élie Metchnikoff aliamini kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa hayo, akaanza kuyanywa kila siku na kuyahubiri. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel, lakini ilikuwa kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, si kwa maziwa. Alifariki 1916 akiwa na miaka 71. Ulikuwa umri mzuri kwa zama zake, ila haukuwa ule aliouahidi kwa wengine. Hata hivyo wazo lake halikufa. Leo bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya wanaitwa probiotiki, na ukienda kwenye maduka makubwa ya Mwanza utawakuta kwenye vikopo vya bei ghali.

Wazo hilo lilifika karibu na kwetu kwa njia nyingine, na bila ghali yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 UKIMWI ulikuwa unamaliza familia za kando ya ziwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, lakini kwa watu wa kwetu zilikuwa kama hazipo. Stephen Lewis, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya UKIMWI barani Afrika, alikuwa akizunguka akiwauliza wenye uwezo wanafanya nini. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada kiliitikia kwa mradi ulioitwa Western Heads East. Mwanasayansi Gregor Reid na wenzake walikuwa na bakteria aliyepewa jina la GR-1, aliyepatikana awali mwilini mwa mwanamke mwenye afya. Walichojiuliza ni hiki: je, bakteria huyu akitiwa kwenye maziwa, anaweza kuwasaidia watu ambao virusi vimewadhoofisha na kuwaacha na kuhara kusikoisha?

Kwa kushirikiana na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na shirika la Kivulini linalotetea haki za wanawake, jiko la kwanza lilifunguliwa Mabatini mwaka 2004. Mabatini ni jirani zetu, na mto ni huohuo. Akina mama waliojiita Tukwamuane walijifunza kuchemsha maziwa, kuyapoza, kutia mbegu ya bakteria, kuyaacha yagande kwenye joto linalotakiwa na kuyafungasha. Waliyaita Fiti. Waliwauzia majirani na kuwagawia waliokuwa wakiishi na virusi. Baadaye majaribio yalifanyika ya kuongeza unga wa majani ya mlonge ili kukoleza virutubisho.

Shangazi alikuwa mmoja wa waliokunywa. Alipima mwaka 2006, baada ya mumewe kufariki. Bahati yake ni kwamba serikali ilikuwa imeanza kutoa ARV bure tangu mwishoni mwa 2004, hivyo alianza dozi na mtindi kwa wakati mmoja. Alisema vidonge vinamtibu na mtindi unamwezesha kuvimeza. Tumbo lilitulia. Alianza kula ugali tena, kisha dagaa, kisha akaanza kugombana na wapangaji wenzake, na bibi akasema sasa amepona kweli.

Je, mtindi ulimponya? Swali hilo limeulizwa kisayansi, hapahapa Mwanza, na kwa maoni yangu majibu yake yanafaa kufundishwa mashuleni. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwaangalia watu wanaoishi na virusi waliokuwa wakinywa mtindi ule na wasiokunywa. Waliokunywa walionekana kupandisha CD4, zile chembe za kinga ambazo virusi huzishambulia. Habari hiyo ilifurahisha wengi. Lakini utafiti wa namna hiyo una tundu. Huenda anayeweza kufuata mtindi kila siku ndiye pia anayekula vizuri zaidi, anayekwenda kliniki kwa wakati, mwenye ndugu wa kumuuliza "umekunywa?" Hivyo watafiti walirudi na njia ngumu zaidi. Wanawake 65 ambao walikuwa hawajaanza ARV waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vidonge vya bakteria na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na kitu, kwa wiki 25. Kinga ya makundi mawili haikutofautiana. Jaribio jingine, la mtindi uliotiwa vitamini na madini, nalo halikuonyesha kwamba nyongeza hiyo inapandisha CD4.

Nilipozisoma tafiti hizi nikiwa chuo nilihuzunika, kana kwamba mtu amemtukana bibi. Ikanichukua siku kadhaa kuona kwamba hakuna aliyetukanwa. Watafiti haohao walioleta mtindi ndio walioupima, na walipoona haufanyi kile walichokitumaini wakasema hadharani. Maziwa yalibaki kuwa na protini na kalsiamu. Tumbo la shangazi lilibaki limetulia. Wanawake wa Mabatini walibaki na ujuzi na kipato. Kitu kimoja tu ndicho kilichoondolewa, nacho ni dai la kwamba mtindi unaweza kufanya kazi ya ARV.

Mwaka huohuo wa 2011 dai kubwa kuliko hilo lilikuwa limeteka nchi nzima. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mugariga, mti ambao wafugaji wa eneo lile waliujua kabla yake, na alisema Mungu amemwonyesha kwamba unatibu magonjwa sugu, UKIMWI ukiwemo. Walikwenda mawaziri, walikwenda makuli, na foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Madaktari walionya kwamba kuna wagonjwa wanaoacha ARV na dawa za sukari wakiamini wameshapona.

Sitamcheka aliyekwenda. Tulizoea kusikia kwamba ugonjwa huu hauna dawa, kwamba utameza vidonge mpaka kaburini, kwamba jirani akikiona kichupa chako atahamisha watoto wake. Kisha anatokea mzee mpole anayekuambia kikombe kimoja kinatosha, kwa bei ya soda. Shangazi alikuwa na miaka 38. Alitaka siku moja tu ya kuamka akiwa mtu wa kawaida.

Aliposhindwa kujibu swali la bibi, bibi aliinuka kwenye kigoda. Alikwenda kwenye kabati, akachukua kichupa cha vidonge na kukitia ndani ya begi kwa mkono wake, chini ya khanga. Akasema: "Nenda mwanangu, kanywe. Mimi nimekunywa dawa za miti maisha yangu yote. Lakini hiki hakitoki kwenye begi. Saa mbili ikifika, popote ulipo, unameza."

Alikwenda, akakaa kwenye foleni siku nne, akalala ndani ya gari, akanywa kikombe. Alituambia kilikuwa kichungu na cha moto. Na kila usiku saa mbili, akiwa gizani kati ya wageni, alijifanya anatafuta leso ndani ya begi.

Kliniki yake ya mwezi uliofuata ilikuta damu yake bado ina virusi, kama bibi alivyotazamia. Alilia jioni ile. Asubuhi bibi alimpa bakuli la maziwa mgando na michembe, bila kusema neno. Saa mbili usiku shangazi alimeza kidonge chake sebuleni, mbele yetu sote na mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Bibi ametutoka. Mwasapila naye alifariki 2021. Kibuyu kilipasuka siku nyingi, na sasa shangazi hugandisha maziwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Huyachemsha kwanza. Akiulizwa na wateja wake kama mtindi unatibu, huwaambia unashibisha, unalainisha tumbo, na ni mtamu kwa michembe. Akiulizwa kuhusu yale mengine, huwaelekeza kliniki na kuwatajia siku ambazo foleni huwa fupi.